Pipa la Choo Juu ya Chemchemi

Nilipoandikwa kazi kwa yule bwana mpima mawe, niliambiwa nitafua nguo, nitaosha vyombo na kumsaidia mpishi. Nilipofika kambini nikakuta mpishi ameacha kazi na kurudi kwao. Sikuambiwa sababu. Niliijua mwenyewe siku chache baadaye, dereva aliponiita nyuma ya gari akanionyesha pipa.

Wakati ule bado tulikuwa chini ya Waingereza, na huyo bwana alikuwa akizunguka Umatengo kutafuta makaa ya mawe. Mkewe hakupenda kulala hemani, kwa hiyo alijengewa nyumba ya mbao juu ya magurudumu, inayovutwa na lori. Ndani mlikuwa na kitanda, meza ya kukunja, jiko la mafuta ya taa, na mwisho kabisa kichumba cha choo chenye kiti. Popote tulipopita, Mbinga na vijiji vyake, watu waliacha majembe wakaja kuitazama nyumba inayotembea. Kitu ambacho hawakukiona ni lile pipa la chuma lililofungwa chini ya sakafu, kati ya magurudumu. Kila kilichotoka kwenye kile kiti kiliingia humo.

Dereva alikuwa Mngoni wa upande wa Songea, mtu mzima, mpole, mwenye kikohozi kisichokwisha. Ndiye aliyenifundisha.

"Mdogo wangu," aliniambia, "kazi hii haina ugumu. Ugumu wake ni kuizoea."

Kwanza unachimba shimo, mbali na maji na mbali na njia. Unaweka ndoo chini ya koki, unafungua taratibu, uso umeugeuzia upande upepo unakotoka. Ndoo ikijaa unafunga, unakwenda kumwaga shimoni, unarudi. Kile kizito kikiisha kutoka, unamimina maji safi kwa juu, unasugua ndani kwa brashi ya mpini mrefu, unafungua tena, mpaka maji yatoke hayana rangi. Ukiona uvivu ukaacha kusuuza, uchafu unakauka chini ya pipa kama udongo wa ukutani, na hapo hakuna dawa itakayozuia harufu. Mwisho unatia maji kidogo na dawa nyeusi ya kuulia wadudu, ile ambayo ikigusa maji hugeuka nyeupe kama maziwa. Unakagua mpira wa koki. Unafukia shimo. Unanawa.

Nilinawa sana. Hata hivyo wakati wa kula nilikuwa nanusa vidole vyangu kabla ya kumega ugali, na wenzangu kambini walicheka. Lakini harufu haikunisumbua kama ile koki. Ilikuwa ndogo, ya shaba, imening'inia chini kuliko kitu kingine chochote katika gari lile, na njia zetu zilikuwa za mawe na visiki. Kila gari liliporuka, moyo wangu nao uliruka. Tukisimama, kabla sijashusha mzigo wowote, nilikuwa nimekwisha inama chini kutazama kama inatona.

Mke wangu alikuwa mjamzito, uzazi wa kwanza, na kwa desturi alikuwa amekwenda kujifungulia kwa mama yake. Kabla hajaondoka nilimweleza kazi yangu ilivyo. Akasema, "Mama usimwambie."

Sikuhitaji kuombwa. Kwetu mama mkwe ni mtu wa kupishwa njiani. Unatazama chini, unasalimia kwa sauti ndogo, huli naye sahani moja. Mtu wa namna hiyo utamwambiaje kwamba unabeba choo cha watu?

Mvua za mwaka ule zilianza mapema. Bwana akaamua tuteremke upande wa ziwani kabla njia hazijaharibika, akapime mawe ya kule. Njia ile ilipita kijijini kwa mama mkwe. Niliposikia hivyo nilifurahi kwamba nitamwona mke wangu, halafu furaha ikanitoka, kwa kuwa nilikumbuka nitafika pale na pipa langu. Na pipa lilikuwa karibu kujaa. Nilimwomba bwana tulimwage kabla ya kuondoka.

"Huko chini kuna mchanga," alisema. "Kuchimba ni rahisi. Twende, mvua inakuja."

Tuliondoka asubuhi. Ukungu ulikuwa bado umelala mabondeni, na pande zote za njia zilikuwa zimejaa ngoro, yale mashimo ya kilimo chetu yanayopangwa mlimani ili mvua isichukue udongo. Ardhi ilikuwa imelowa. Tulipofika kwenye kona moja ya mteremko, juu kidogo ya kijiji cha mama mkwe, ile nyumba ya magurudumu ilianza kuteleza kando. Nilikuwa nyuma, nimeshika mlango. Nilisikia chuma kikikwaruza chini, kisha mshindo kama mtu amepiga sufuria kwa jiwe. Gari likasimama, limeegemea ukingo wa njia, gurudumu moja limezama matopeni.

Bwana alishuka, akazunguka, akapiga teke lile gurudumu. Akachukua fimbo yake akateremka kijijini kumtafuta jumbe, mkuu wa kijiji, ampe watu wa kusukuma. Dereva nami tukaanza kukata matawi na kuyaweka chini ya magurudumu. Nilitaka kuinama kutazama koki, lakini ubavu wa gari ulikuwa umeegemea kwenye majani marefu na dereva alikuwa akinihimiza, "Leta jingine, leta jingine kubwa." Nikajisemea kwamba ule mshindo ulikuwa wa mhimili tu.

Harufu ndiyo iliyoniambia. Jua lilikuwa limepanda, nami nilikuwa nimepiga magoti nikichota tope kwa mikono, nikaisikia. Nikayafunua majani. Kisiki kilikuwa kimeipiga koki ikapinda, na kwenye ule mpindo palikuwa na ufa. Kulikuwa na kijito chembamba, chembamba kama uzi wa kushonea, kikitoka pasipo kukatika, na chini yake majani yalikuwa yamegeuka meupe.

Nilikifuata kile cheupe kwa macho. Kilikuwa kimeingia kwenye mfereji mdogo wa maji ya mvua, na ule mfereji ulikuwa unateremka. Hatukuwa mbali na pale ambapo mlima unajikunja na migomba inaanza. Nilipajua. Pale kwenye migomba ndipo ilipo chemchemi ambayo ukoo wa mke wangu wanateka maji, na kijiji chote nyuma yao.

"Kaka," nilimwita dereva. "Njoo uone."

Alikuja, akainama, akakohoa, akanyanyuka. "Imetoka tangu lini?"

"Sijui."

Kwa kweli hakuna aliyejua. Labda tangu asubuhi tulipogonga kile kisiki, labda ufa ulifunguka baadaye tulipokuwa tukilitikisa gari. Nilijaribu kukumbuka kama niliona mwanamke yeyote akipita na mtungi, na kumbukumbu ikaniletea wanawake wengi, wote wakipanda kutoka kwenye migomba na mitungi imejaa.

Dereva alirarua shati lake kuukuu tukaifunga koki. Kijito kikapungua kikawa matone. Tukatega ndoo. Upande wa ziwa mawingu yalikuwa yanapanda, meusi chini, na upepo ulikuwa umeanza kuyageuza majani ya migomba. Mvua ikinyesha juu ya lile tope jeupe, yote yangeshuka.

"Bwana akija tutamweleza," dereva alisema.

"Mvua itafika kabla ya bwana."

"Sasa utafanya nini?"

Nilikimbia. Nilikimbia kuelekea kwenye migomba huku nimeinua mikono kama mtu anayefukuza nyani shambani. Pale chemchemini palikuwa na wanawake, na mbele yao, akiwa ameshika kata, alisimama mama mkwe wangu.

Niliganda. Nilikuwa na tope mpaka kifuani na harufu nilikuwa nayo. Nilitazama chini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mkwe." Alishusha kata. "Kuna nini?"

 Nikasema yote kwa pamoja, nikitazama miguu yake: kwamba gari limevunjika pale juu, kwamba lina pipa la choo cha wazungu, kwamba choo kinavuja, kwamba kimeshika mfereji, na mimi ndiye mtunzaji wa pipa, na nawaomba wasiteke maji.

 Kisha mwanamke mmoja aliimwaga kata yake kwa nguvu hata maji yakanirukia, na wote wakaanza kusema kwa wakati mmoja, Kimatengo, maneno ambayo sitayaandika. Mama mkwe hakusema nao. Aliinama akayatazama maji ya chemchemi kwa muda mrefu. Yalikuwa maangavu, uliona mchanga chini.

"Mke wako ameteka hapa mchana huu," alisema. "Ameyanywa hapa hapa, kwa kiu."

 Alichukua jembe la mwenzake lililokuwa limeegemezwa kwenye mgomba, akaanza kupanda mlima kwa haraka kiasi kwamba mimi kijana nilibaki nyuma.

Alipoona jinsi ule mfereji ulivyokwenda, alikata mwingine wa kuukinga, wa kupeleka maji upande wa pili wa ukingo, mbali na chemchemi. Wanawake wengine walimfuata. Walichimba kama wanavyochimba ngoro, kwa migongo iliyopinda na bila maneno. Dereva nami tukaanza kulimwaga pipa. Tulifungua kile kitambaa, tukauacha ufa umwagikie ndani ya ndoo, ndoo ikijaa tunabadili, na iliyojaa inapandishwa juu ya njia hadi ng'ambo ya kilima, kwenye shimo la zamani ambako watu walikuwa wakichimba udongo wa vyungu. Ndoo zilikuwa mbili na madebe kadhaa. Ilikuwa safari ndefu, na kila nilipogeuka niliona mawingu yamesogea.

Mke wa bwana, mama wa kizungu, alitoka ndani. Alikuwa amejifungia tangu kelele zilipoanza. Alisimama ngazini, mwekundu shingo na masikio, akatazama wale wanawake wakichimba, akatutazama sisi. Kisha akashuka, akashika mkono wa debe nililokuwa nalo.

"Hapana, mama," nilimwambia. "Chafu."

"Najua chafu," alisema kwa Kiswahili chake kilichovunjika. "Choo yangu hii."

Alishika upande mmoja, mimi upande mwingine, tukapanda. Debe liliyumba likammwagikia sketi. Alifunga macho, akameza mate, akaendelea. Wanawake waliacha kuchimba wakamwangalia. Mmoja aliguna, mwingine akacheka kicheko kifupi cha mshangao, halafu mwingine akachukua debe la pili bila kuambiwa, naye dereva akabaki kwenye koki. Bwana aliporudi na jumbe na wanaume wa kusukuma, alikuta mkewe yuko juu ya kilima na wanawake wa kijiji wamebeba choo chake.  Alivua koti.

Mvua ilianza pipa likiwa limebaki na kile kizito cha chini. Ilianza kwa matone makubwa, kisha ikamwagika. Tulisimama tumelowa, tukitazama mfereji. Maji yalikuja mekundu, yakaja na majani, yakaja na ule weupe, yakafika kwenye mfereji mpya wa kukinga. Maji kidogo yaliruka ukingo wake. Mama mkwe aliingia katikati akakanyagia udongo kwa miguu yake, wenzake wakatupa mabonge mengine, na maji yakageuka upande. Lakini maji kidogo yalikuwa yameruka. Niliyaona. Kila mtu aliyaona.

Jumbe alikataza watu wasiteke maji pale hadi atakapotoa ruhusa. Kuanzia siku ile wanawake walikwenda mto wa mbali, mlima kushuka na mlima kupanda, na kila mtungi uliopita kambini kwetu nilihisi umewekwa kichwani mwangu mimi. Bwana alimtuma dereva Mbinga kutafuta koki nyingine. Sisi tulikaa. Lile pipa nililitoa kabisa chini ya gari, nikalikwangua ndani kwa kipande cha bati hadi nikafikia chuma, nikalisuuza ng'ambo ya kilima kwa maji ya mvua, nikalilaza jua lipate kuingia. Bwana akasema asiingie mtu tena kile kichumba. Tuchimbe choo cha shimo kila tunapopiga kambi.

Kila asubuhi nilikwenda chemchemini peke yangu kutazama kama maji yamekuwa na weupe. Hayakuwa nao. Lakini nilijua kwamba dawa ikiwa kidogo sana haionekani, na kwamba yale mengine hayana rangi ya kutosha kuonekana. Nilikuwa nikiinama pale mpaka magoti yaume. Wakati mwingine ilinijia kwamba nimeona ukungu ndani ya maji, nikapangusa macho, nikakuta ni wingu lililo juu yangu.

Mke wangu alinifariji. "Yalikuwa matamu kama siku zote," alisema. "Ningejua."

Halafu tumbo likamshika.

Ilianza asubuhi, kutapika na kuhara, na kufikia jua la utosini macho yake yalikuwa yameingia ndani na midomo imekauka. Mama mkwe alimlaza kwenye mkeka, akampa maji ya mchele kijiko kwa kijiko. Mimi nilisimama mlangoni kwa sababu ya heshima, na kwa sababu ya woga. Nilimsikia mke wangu akiuliza kwa sauti ya kitoto kama mtoto bado anacheza. Mama yake aliweka mkono tumboni, akaukawiza.

"Anacheza," alisema. Sikujua kama ilikuwa kweli.

Alitoka akanikuta ukutani. Safari hii hakutazama pembeni, na mimi sikutazama chini.

"Mwambie mzungu wako atoe lori," alisema.

Bwana alilitoa kabla sijamaliza kueleza. Dereva alikuwa amerudi. Waliiacha nyumba ya magurudumu pale pale kwenye ukingo, wakafungua mnyororo, tukamlaza mke wangu nyuma ya lori juu ya godoro la mama wa kizungu mwenyewe. Mama mkwe alikaa kichwani kwake, mimi miguuni. Tuliteremka kuelekea ziwani kwa njia iliyokuwa imegeuka mto. Kila jiwe lilimfanya aume meno. Nilijaribu kusali nikajikuta nahesabu visiki. Ziwa lilipoonekana, la kijivu na pana, mama mkwe alisema polepole, kama anayejiambia, "Karibu. Karibu, mwanangu." Mke wangu alikuwa amefumba macho.

Hospitali ya misheni ilikuwa kule ufukweni. Ilikuwa imejaa. Watu walilala barazani, wengine chini ya miembe, watoto kwa wazee, na wengi wao walikuwa na ugonjwa wa tumbo. Muuguzi, mama mmoja Mnyasa mwenye kitambaa cheupe kichwani, alimpokea mke wangu akanisukuma nje.

"Amekula nini? Amekunywa nini?"

Nikamweleza habari za pipa, zote. Alinisikiliza huku akiendelea na kazi yake.

"Baba," alisema, "hawa wote unaowaona hawakunywa choo cha mzungu wako. Mvua za kwanza ndivyo zilivyo. Huosha kila kitu na kukileta kisimani."

"Kwa hiyo si pipa?"

"Sikusema si pipa. Nimesema sijui."

Nimeishi na jibu lile miaka mingi. Pale kijijini wengine waliugua pia, lakini wengine waliokuwa wakiteka mto wa mbali tangu zamani nao waliugua. Hakuna aliyekufa. Ningekuwa na uhakika wa upande mmoja au mwingine, nadhani ningelala vizuri zaidi.

Tulikaa ufukweni. Wavuvi walileta usipa, dagaa wa ziwani, asubuhi, wakauanika mchangani, na mama mkwe alikwenda kuomba kidogo akanipikia. Hakula nami, aliniwekea sahani akakaa mbali amenipa mgongo. Dereva alikuwa amerudisha lori. Sisi wawili tulikuwa hatuna la kufanya ila kungoja. Kila muuguzi alipotoka mlangoni tulinyanyuka wote, tukaketi tena wote.

Mke wangu alianza kupata nafuu, akaweza kukaa, akaanza kuomba samaki. Kisha uchungu ukamshika kabla ya wakati wake, na woga wote ukaanza upya. Mama mkwe aliitwa ndani. Mimi nilitembea ufukweni nikarudi, nikatembea nikarudi, mpaka mzee mmoja aliyekuwa akishona wavu akaniambia nikae kwa sababu namkanyagia nyuzi. Nikakaa. Akanipa kipande cha wavu nishikilie. Nilikuwa nimekishikilia bado nilipoitwa.

Mtoto alikuwa wa kike, mdogo kama sungura, amekunja ngumi. Muuguzi alisema ni mdogo lakini ana hasira, na wenye hasira huishi. Mke wangu alikuwa amelala na mdomo wazi, jasho limemkauka usoni. Nilitaka kumshika mtoto, nikaitazama mikono yangu, nikairudisha nyuma.

Mama mkwe aliona. Alinimiminia maji kwenye beseni, akanipa sabuni, akasimama hapo hapo mpaka nilipomaliza kunawa.

"Sasa mchukue," alisema.

Tuliporudi mlimani, ile nyumba ya magurudumu ilikuwa imekwisha nyanyuliwa na kuondoka. Jumbe alikuwa amefungua chemchemi, na wanawake walikuwa wanateka. Niliambiwa bwana ameelekea ziwani na kwamba nikitaka kazi yangu ipo, nimfuate. Nilikaa na familia siku kadhaa nikifikiri kama nimfuate. Mama mkwe alinikuta nimesimama uani bila kazi, nimekunja mikono, nikimtazama mke wangu akinyonyesha kibarazani.

"Usisimame hapo, mkwe," alisema. "Kuni zimekwisha."

Nikachukua shoka.